Mkono na Mdomo Viseme Neno Moja

Jioni moja ya mwezi uliopita tulisimama mlangoni mwa kibanda kimoja cha michezo ya video kilicho nyuma ya soko la mji wetu. Hatukwenda kucheza. Tulikwenda kwa sababu wazazi kadhaa walikuwa wamelalamika mbele yetu kwamba vibanda vya namna hiyo vinawapotosha watoto, na kwamba yafaa vifungwe. Tuliona si haki kukihukumu kitu tusichokitazama kwa macho yetu wenyewe. Basi tukaingia, tukapewa nafasi kwenye benchi, tukaketi.

Mbele yetu alikaa mvulana wa miaka kumi na miwili hivi. Alipotuona alituamkia, "Shikamoo, mzee," kisha akarudisha macho yake kwenye televisheni. Mchezo wake ulifunguka kwa hadithi: watu wawili wamo ndani ya gari wakizungumza Kiingereza, mmoja analia, mwingine anamtuliza. Kabla maneno hayajafika mbali mvulana alibonyeza kitufe, hadithi ikatoweka, na papo hapo akawa na bunduki akikimbia mitaani. Tukamwuliza, "Mwanangu, yule alikuwa analia nini?" Akatujibu bila ya kugeuka: "Sijui, mzee. Yale ni maneno tu. Mchezo uko mbele."

Jibu hilo halikututoka. Maana mtoto yule, pasipo kujua, alikuwa ametoa hukumu katika shauri ambalo watengenezaji na wataalamu wa michezo hiyo wamelibishania kwa miaka mingi: katika mchezo wa video lipi lina uzito zaidi, hadithi inayosimuliwa au uchezaji wenyewe? Leo tunapenda kulitazama shauri hilo kwa makini, kwa sababu hukumu yake inagusa malezi ya watoto wetu.

Kwanza tufafanue maneno. Tunaposema uchezaji, tuna maana ya yale ambayo mkono hutakiwa kuyatenda: kuruka, kukwepa, kujenga, kupiga, kupanga, pamoja na kanuni zinazoamua nani ameshinda na nani ameshindwa. Tunaposema hadithi, tuna maana ya habari za wale tunaowaona: ni akina nani, wametoka wapi, wanataka nini, na kwa nini tuwajali. Uchezaji ni kazi ya mkono. Hadithi ni kazi ya mdomo.

Wanaoutetea mkono wana hoja nzito. Mwaka 1984, mjini Moscow, mtaalamu wa kompyuta Alexey Pajitnov, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti, alitunga mchezo uitwao Tetris. Vipande vya maumbo saba, kila kimoja kimefanywa kwa miraba minne, vinashuka kutoka juu. Mchezaji anavigeuza na kuvipanga. Mstari ukijaa, unafutika. Hamna shujaa wala adui humo, na hakuna anayeoa wala anayekufa. Hata hivyo mchezo huo ulivuka mipaka ya mataifa yaliyokuwa hayaaminiani, na hakuna aliyehitaji kufasiriwa neno hata moja ili aucheze. Kama hadithi ingekuwa ndiyo roho ya mchezo, Tetris ingezaliwa mfu.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Moscow kutafuta ushahidi. Tunalo bao letu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, nalo limewakalisha wazee wetu barazani tangu alasiri hadi magharibi bila ya mtu kuuliza kisa chake ni nini. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda. Utamu wake umo katika hesabu, katika kuona mbele, na katika kumtega mwenzio akadhani anakula kumbe analiwa.

Hoja hii iliwahi hata kuwatenganisha watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja. Huko Marekani, kampuni ya id Software ilipokuwa ikiutengeneza mchezo wa Doom, mmoja wa waanzilishi wake, Tom Hall, aliandika waraka mrefu uliopanga visa, mahali na wahusika. Mwenzake John Carmack, aliyekuwa mtunzi mkuu wa programu, aliona kuwa hadithi si jambo kubwa katika mchezo wa aina ile; lililotakiwa ni mwendo wa kasi na mapambano yasiyompa mtu nafasi ya kupumua. Hall aliondoka katika kampuni mwaka 1993, kabla kazi haijakwisha. Mwezi Desemba mwaka huo huo Doom ikatolewa ikiwa na hadithi ya mistari michache tu, ikaenea pande nyingi za dunia. Wengi wakasema shauri limekwisha, mkono umeshinda.

Lakini shauri halikuwa limekwisha. Mwaka 1998 kampuni nyingine ya Marekani, Valve, ilitoa mchezo uitwao Half-Life, nao ni wa kupiga risasi kama Doom. Kampuni hiyo ilikuwa imemwajiri mtunzi wa riwaya, Marc Laidlaw, ashiriki katika kuutengeneza. Mchezo unaanza ndani ya gari la reli linalompeleka mtaalamu mmoja kazini, katika maabara kubwa iliyofichwa chini ya ardhi. Mchezaji anatazama huku na huku, anawapita wafanyakazi wenziwe, anaona jinsi mambo yalivyo siku ya kawaida. Balaa linapotokea anaelewa kilichoharibika, maana alikiona kikiwa kizima. Na karibu katika mchezo wote haondolewi katika macho ya mhusika wake ili akalishwe chini asimuliwe. Anachokijua amekijua kwa kupita na kuona mwenyewe. Bunduki zilikuwepo kama zamani, lakini sasa mkono ulikuwa na sababu.

Wasomi nao wakaingia uwanjani. Mwaka 1997 Bibi Janet Murray, msomi wa Marekani, aliandika katika kitabu chake kwamba hata Tetris ina maana iliyojificha: ni picha ya maisha ya Wamarekani wa miaka ile, watu walioelemewa na kazi zisizokwisha, ambao kila wakimaliza moja nyingine inawaangukia. Mwaka 2001 msomi wa Finland, Markku Eskelinen, akampinga kwa maneno makali, akisema kwamba kutafuta hadithi mahali isipokuwepo ni kuudhulumu mchezo, na kwamba mchezo yafaa usomwe kama mchezo.

Kwa maoni yetu, kila mmoja wao alishika upande mmoja wa kweli. Bwana Eskelinen alisema kweli kwamba Tetris haikusimulia kitu. Lakini Bibi Murray naye hakuota ndoto. Mchezo uliotungwa Moscow haukuwa na habari ya Wamarekani, ila mkono unaohangaika kupanga vitu visivyokoma kuanguka unalifahamu jambo fulani, na mwenye mkono huo, awe Mrusi au Mmarekani au mchuuzi wa soko letu, atalipa jambo hilo jina la maisha yake. Kitendo chenyewe kina sauti.

Turudi barazani kwenye bao tuone. Tulisema halina hadithi, na ni kweli. Lakini sikilizeni maneno ya wachezaji wake. Mchezaji ana nyumba, naye huilinda. Ana mtaji. Anakula na analiwa. Kete yake ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala. Hakuna aliyeketi akatunga kisa cha bao, lakini waliolicheza hawakuweza kulitaja bila ya kuazima maneno ya maisha: nyumba, mtaji, kula, kulala.

Mambo ni yale yale katika kibanda tulichokaa. Baada ya mvulana yule kumaliza zamu yake, waliingia vijana wawili kucheza kandanda. Mchezo huo wa kandanda uliokuwa ukiitwa FIFA uliwahi kuongezewa hadithi: kuanzia toleo lililotoka mwaka 2016 hadi lile la mwaka 2018, watengenezaji walitia humo kisa cha kijana wa Kiingereza, Alex Hunter, anayepanda kutoka chini hadi kuwa mchezaji mkubwa. Kisha wakakiacha. Katika benchi letu hakuna aliyemkumbuka Hunter. Hata hivyo hadithi haikukosekana. Mmoja alijitangaza kuwa yeye ni Simba, mwenzake akawa Yanga. Wa tatu, asiye na pedi mkononi, akaanza kutangaza kama mtangazaji wa redio, akikumbusha nani alifungwa juzi, nani alikimbia deni, nani leo atatoka amenyamaza. Bao lilipoingia, kibanda kizima kilikuwa na kisa cha kwenda nacho nyumbani. Hadithi ile hawakupewa na mtu. Waliitoa wenyewe katika mchezo.

Kwa hiyo swali la lipi zaidi, ndugu msomaji, linapoulizwa hivyo hivyo, linatuelekeza pabaya. Linatufanya tudhani kwamba hadithi na uchezaji ni wake wenza wanaogombea chumba kimoja. Swali lililo bora ni hili: mkono na mdomo vinasema neno moja, au kila kimoja kinasema lake?

Mfano wa kugombana upo. Mwaka 2007 ulitoka mchezo wa BioShock, uliosifiwa sana kwa hadithi yake. Kisa chake kinatokea katika mji uliojengwa chini ya bahari kwa imani kwamba kila mtu ajitazame nafsi yake tu, na mji huo umeangamizwa na imani hiyo hiyo. Humo mna watoto wa kike waliogeuzwa kuwa vyombo vya kukusanyia kitu kinachompa mtu nguvu. Mchezaji anaweza kuwaokoa, au kuwaua ili apate nguvu nyingi zaidi. Mwaka huo huo mtengenezaji mwingine wa michezo, Clint Hocking, aliandika kuonyesha kasoro. Kanuni za mchezo, alieleza, zinaualika mkono ujipendelee wenyewe na kumpa mchezaji hiari ya kukubali au kukataa. Lakini hadithi inamlazimisha kumsaidia mtu fulani, atake asitake. Hivyo mchezaji anavutwa huku na huku, na mwisho haamini mkono wala mdomo.

Mfano wa kupatana nao upo. Mwaka 2013 Lucas Pope, Mmarekani, alitoa mchezo uitwao Papers, Please. Mchezaji ni mkaguzi katika kituo cha mpakani cha nchi ya kubuni. Kazi yake ni kutazama hati za wasafiri na kugonga muhuri wa kuruhusu au wa kukataza. Analipwa kwa idadi ya watu aliowamaliza bila ya kosa, na nyumbani ana familia inayotaka chakula, joto na dawa. Kila siku kanuni zinaongezeka na foleni hairefuki wala haifupiki kwa huruma. Anakuja mume, hati zake sawa, anapita. Nyuma yake anakuja mkewe, hati moja haimo, naye anaomba asitenganishwe na mumewe. Hapo hakuna msimulizi anayemwambia mchezaji ahuzunike. Ana muhuri mkononi na saa inakwenda. Akimruhusu ataandikiwa kosa, na makosa yakizidi mshahara unakatwa na mtoto wake atalala na njaa. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akingoja muhuri ataufahamu mchezo huo mara moja. Na yeyote aliyewahi kukaa upande wa ndani wa dirisha hilo ataufahamu zaidi. Humo hadithi ni kitendo chenyewe, na ukimwondolea mchezaji muhuri hakuna kisa kinachobaki.

Je, basi hadithi haina nguvu yake yenyewe? Inayo, na tena kubwa. Lual Mayen ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka 3 hata akaweza kumnunulia kompyuta, naye akajifunza mwenyewe kutunga programu, akilazimika kwenda mwendo mrefu kwa miguu ili kuitia kompyuta hiyo umeme. Alitengeneza mchezo akauita Salaam. Ndani yake mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita, anayehitaji maji na chakula ili aendelee kuwa hai. Sasa, michezo ya kukimbia ni mingi katika simu za watoto wetu. Mtu anakimbia, anaruka, anaokota sarafu, basi. Vidole katika Salaam vinatenda karibu yale yale. Lakini anayekimbia kwa ajili ya sarafu na anayekimbia ili asife hawafanyi jambo moja, ingawa miguu yao inakwenda sawa. Kinachowatofautisha ni hadithi. Walimu wetu wa chuoni, tulipokuwa tukikaa mkekani na mbao zetu za kuandikia, walitukariria kwamba amali haitengani na nia. Kitendo kimoja kinaweza kuwa wema au upuuzi kwa kadiri ya kilichomo moyoni. Katika mchezo, uchezaji ni amali; hadithi ndiyo inayoiweka nia.

Na hapa ndipo tunapomrudia mvulana wa kibandani, maana kwake yeye shauri hili halikuwa la wasomi. Yeye hakuchagua uchezaji akaikataa hadithi. Hadithi ilimjia kwa lugha asiyoisikia vizuri, akaibonyeza ipite. Michezo mingi inayofika katika vibanda vyetu inasema Kiingereza, na inayosema Kiswahili ni haba mno. Hivyo watoto wetu wanapokea nusu ya kitu. Nia inabaki ng'ambo katika lugha yake; amali peke yake ndiyo inayovuka bahari. Mtunzi wa mchezo wa vita anaweza kuwa ameandika maneno mazuri ya kuonyesha ubaya wa vita, lakini mtoto asiyeyafahamu maneno hayo anafundishwa na kitu kimoja tu, yaani yale ambayo mkono wake unazawadiwa kwa kuyatenda. Mzazi anayetaka kujua mchezo unamfunza mwanawe nini asisome maandishi ya kwenye jalada. Atazame mkono.

Sisi tulirudi kibandani wiki iliyofuata. Tukamkuta mvulana wetu, tukamwomba asibonyeze, nasi tukamfasiria taratibu yale mazungumzo ya garini. Yule aliyekuwa akilia alikuwa ametengana na mdogo wake, na mwenzake alikuwa akimwahidi kwamba watamtafuta mpaka wampate. Mvulana alisikiliza hadi mwisho. Alipopewa mtaa wa kupita hakukimbia kama siku ile. Alikwenda polepole, akachungulia mlango huu na mlango ule, akawasogelea watu waliosimama njiani kana kwamba anataka kuwauliza. Milango haikufunguka, na watu wale hawakuwa na jibu. Mchezo haukuwa umewapa. Dakika chache baadaye walitokea wenye bunduki, na ikambidi apige.

Alipoiweka pedi chini alitugeukia, kwa mara ya kwanza. "Mzee," alisema, "wanasema anamtafuta mdogo wake. Mbona kazi yenyewe ni kupiga tu?"

Hatujasikia uchambuzi ulio bora kuliko huo, wala katika vitabu wala katika mabaraza ya wataalamu. Mtoto aliyedharau maneno wiki moja kabla alikuwa amegundua, mara tu alipoyafahamu, kwamba mdomo ulimwahidi jambo ambalo mkono haukupewa. Wala hakuwa tena mtu wa kupotoshwa kirahisi, kwa sababu alikuwa ameanza kuuliza.

Kwa hiyo hatuungi mkono rai ya kuvifunga vibanda. Kibanda kikifungwa, mchezo utahamia katika simu, chini ya shuka, mahali ambapo hakuna mtu mzima wa kuulizwa. Tunawashauri wazazi wavitembelee, wakae kwenye benchi japo nusu saa, na wafasiri. Walimu wetu wa Kiswahili, ambao kila mwaka huwauliza wanafunzi dhamira na wahusika wa riwaya, hawatapoteza kitu wakiwauliza pia mkono wa mhusika huyu wa televisheni unatenda nini, na je, unalingana na anayoyasema. Nao vijana wetu wanaojifunza kutunga programu tunawaomba wasianze kwa kutafuta shujaa wa kumvika kanzu na kumtia jina la Kiswahili juu ya mchezo ulioazimwa mzima mzima. Huko ni kupaka rangi mlango wa mtu mwingine. Waanze kwa kitendo wanachokijua: kulipanga jahazi lisilemee, kugawa maji ya bomba moja kwa nyumba ishirini, kupatanisha ndugu waliogombea shamba. Kitendo kikiwa cha kweli, hadithi haitakuwa mbali.

Mvulana yule bado anacheza. Juzi tulipopita alituita tena, safari hii ana mchezo mwingine, na kabla ya kuanza alituashiria tukae karibu naye. "Huu nao unaanza kwa maneno," alisema. "Nimengoja, mzee. Sijabonyeza."